Kadi za mpira mtandaoni: namna ya kuitambua bandia kabla hujatuma pesa

Anayenunua kadi ya Messi au ya Salah, zile kadi za picha za wachezaji zinazokusanywa na wapenzi wa mpira, akiwa Unguja au Pemba ana tatizo ambalo mnunuzi wa London hana. Kadi ikifika ikawa bandia, kuirudisha ni shughuli nzito. Gharama ya usafirishaji mara nyingi huizidi bei ya kadi yenyewe, na muda wa kudai unakwenda huku bahasha iko njiani. Kwa hiyo huku kwetu sehemu kubwa ya uhakiki hufanywa kabla ya kulipa, kwa simu, subira na maswali. Lenzi na mizani hufuata baadaye, kuthibitisha kile ambacho ulikwisha kukipima kwa macho.

Kanuni moja itarudi mara kwa mara humu: kadi haihakikiwi peke yake, huhakikiwa kwa ndugu yake. Ndugu wa kadi ni kadi nyengine yoyote ya toleo lile lile na mwaka ule ule, hata iwe ya mchezaji asiyekumbukwa na mtu. Kiwanda kilizichapa pamoja, kwa karatasi moja, wino mmoja na mashine moja. Kadi ya Haaland ya Topps Chrome ya Ligi ya Mabingwa 2019-20 (Topps, kama Panini, ni kampuni ya kuchapa kadi) ni ghali, lakini kadi ya beki wa kawaida katika toleo hilo hilo hupatikana kwa pesa kidogo. Inunue hiyo kwanza, kwa muuzaji mwengine mwenye sifa njema, uiweke kama kipimo. Bila ya ndugu, unabaki kukisia.

Namna nne za udanganyifu

Wengi husema "feki" kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko namna nne, na kipimo kinachoikamata moja huipita nyengine bila kuiona.

Ya kwanza ni kadi iliyochapwa upya yote. Mtu ameipiga skani kadi halisi, au ameichukua picha yake mtandaoni, akaichapa kwa mashine yake. Hizi ndizo unazokutana nazo zaidi, na lenzi ya sonara huzikamata bila ya taabu.

Ya pili ni nakala ya ukumbusho. Kampuni yenyewe au mtu mwengine amechapa upya kadi ya zamani kwa ajili ya wapenzi wake, na hapo hakuna kosa. Kosa huanza pale muuzaji anapoficha. Katika matangazo ya Kiingereza tafuta maneno haya, ambayo mara nyingi huwekwa mwisho kabisa wa maelezo: "reprint", "RP", "custom", "novelty", "facsimile", "ACEO". Ukiliona lolote, hiyo si kadi ya asili, hata picha ipendeze vipi. Humu humu ziingize zile kadi za plastiki zenye rangi ya dhahabu zinazouzwa kwa pakiti. Mtoto atazifurahia, lakini anayeziuza kama kadi adimu za Panini anakuibia.

Ya tatu ni kadi halisi iliyochezewa: kingo zimekatwa ili pembe zilizochakaa zionekane mpya, rangi imepakwa palipobanduka, namba ya uchache, ile inayosema kadi hii ni ya ngapi kati ya chache zilizochapwa, imegongwa baadaye, kipande cha jezi kilichowekwa ndani ya kadi kimebadilishwa, au saini imeghushiwa juu ya kadi ya kweli. Hapa karatasi na wino vyote vitafaulu kipimo. Kadi maarufu kuliko zote Marekani, ile ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner ya toleo la T206, iliuzwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na ikasifiwa kwa miaka kwa kingo zake zilizonyooka. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyeimiliki kabla ya hapo, alikiri mahakamani kwamba alizikata yeye.

Ya nne ni kasha bandia. Kadi imewekwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo inayofanana na ya kampuni ya kupima ubora, na alama ya 10, ya juu kabisa, juu yake. Namna hii ndiyo inayowapata watu wenye pesa, kwa sababu mnunuzi hutizama lebo akaisahau kadi.

Kadi kama hiyo iliwahi kutengenezwa?

Hatua hii haigharimu kitu, na huondoa bandia nyingi ndani ya dakika tano. Waghushi hupenda kubuni kadi ambazo hazikuwahi kuwepo, kwa sababu hakuna ya kuzilinganisha nayo.

Anza na leseni. Kampuni haiwezi kuweka nembo ya ligi bila ya ruhusa, na ruhusa hizo zina miaka yake. Kadi za Match Attax za Topps zenye nembo ya Ligi Kuu ya Uingereza zilianza msimu wa 2007-08. Kuanzia 2019-20 mpaka 2024-25 haki hiyo ilikuwa ya Panini, kisha ikarudi Topps kuanzia 2025-26. Ligi ya Mabingwa Ulaya ilikuwa ya Panini mpaka 2014-15, ikahamia Topps kuanzia 2015-16. Albamu za Kombe la Dunia za Panini zinakwenda nyuma mpaka 1970. Sasa mtu akikuletea kadi ya Topps ya Bukayo Saka yenye nembo ya Ligi Kuu, msimu wa 2022-23, huna haja ya kuomba picha ya pili.

Kisha tafuta namba ya kadi. Kila toleo lina orodha yake, na orodha hizo zimo katika tovuti ya Trading Card Database na, kwa stika, LastSticker. Messi wa mwanzo kabisa, wa Panini Mega Cracks 2004-05, ni namba 71. Ronaldo wa Sporting katika Panini Mega Craques 2003 ni namba 137. Mbappé wa Panini Prizm Kombe la Dunia 2018 ni namba 80, na Haaland wa Salzburg katika Topps Chrome niliyoitaja ni namba 74. Namba ikipishana na orodha, muulize muuzaji. Jibu la "hii ni toleo maalumu" bila ya jina la toleo halikubaliki.

Tizama pia lugha ya nyuma ya kadi. Mega Cracks ni ya Uhispania, Mega Craques ni ya Ureno, na maandishi yake yamefuata nchi hizo. Mstari mdogo wa haki za kampuni, ule ulio chini kabisa, usomeke wote: mwaka wake uwafikiane na msimu, na herufi zisiwe zimevimba wala kuunganika. Waghushi wengi huishughulikia mbele, nyuma wakapitisha tu.

Bei

Bei aliyoiandika muuzaji ni matumaini yake. Inayokuhusu ni bei iliyolipwa. Kwenye eBay chuja matokeo yaonyeshe zilizouzwa pekee, na tovuti ya 130point itakuonyesha hata zile zilizouzwa kwa mapatano, ambazo eBay yenyewe huficha bei yake halisi. Chukua mauzo matano ya karibuni ya kadi ile ile, katika hali ile ile, upate kiwango.

Kadi nzuri ikiuzwa chini ya nusu ya kiwango hicho, na haina ila inayoonekana, acha. Muuzaji anayejua kuandika jina kamili la toleo, namba na mwaka anajua pia thamani yake. Hana sababu ya kukupa wewe zawadi. Hadithi ya marehemu mjomba aliyeacha sanduku la kadi husimuliwa kila nchi na kila lugha, na haiongezi uhakika wowote.

Picha na maswali

Picha moja safi iliyopigwa kwa mbele haitoshi hata kwa kadi ya shilingi elfu ishirini. Iingize kwanza picha ya tangazo kwenye Google Lens. Ikitokea katika tangazo jengine la mwaka jana, la muuzaji mwengine, huyu hana kadi mkononi.

Kisha omba picha mpya. Kwa muuzaji wa hapa au wa Dar es Salaam ujumbe kama huu unatosha: "Assalaam alaykum ndugu. Kadi nimeipenda. Naomba picha ya mbele na ya nyuma, ikiwa imetolewa kwenye plastiki, juu ya karatasi uliyoandika jina lako na tarehe ya leo. Naomba na video ya sekunde ishirini ukiigeuzageuza karibu na dirisha." Muuzaji wa kweli huenda akachelewa, lakini hakasiriki. Anayejibu kwamba kuna watu watatu wengine wanaisubiri, basi wape nafasi hao watatu.

Video hiyo ndiyo yenye faida kubwa kuliko picha zote, na inafaa uitizame mara kadhaa bila ya haraka. Kadi za krome zinazotoa rangi za upinde wa mvua huwa na mng'ao unaosafiri: ukiinamisha kadi, rangi huhama kutoka pembe moja kwenda nyengine, na huingia hata katika maeneo ya picha kwa kufuata muundo wa toleo. Kwenye bandia rangi hizo zimechapwa, kwa hiyo hubaki pale pale, au uso mzima hung'aa kwa namna moja kama karatasi ya kufungia zawadi. Linganisha na video ya ndugu yake, siyo na kumbukumbu yako.

Namba ya uchache, mfano 14/99, hugongwa kwa foili na huacha bonde dogo sana kwenye uso wa kadi. Mwanga ukipita kwa ubavu, kingo za tarakimu huonekana. Namba iliyochapwa kwa printa ni bapa, na iliyogongwa baadaye na mghushi mara nyingi imekaa upande au ina herufi zenye umbo tofauti na za wenzake. Kuna jambo jengine linalosahauliwa na wengi: kadi namba 14 katika 99 ni moja tu duniani. Tafuta mauzo ya zamani ya kadi hiyo uone kama namba 14 ilikwishapita, ilikuwa na hali gani, na picha yake ikoje. Ukiikuta, linganisha vidoa, pembe na mkao wa picha ndani ya fremu. Vikipishana, moja kati ya hizo mbili ni ya uongo.

Kipande cha jezi nacho kisikupumbaze. Soma nyuma: kadi nyingi husema wazi kwamba kitambaa hakikutoka katika mechi yoyote maalumu, na hilo ni la halali. Dalili mbaya ni kipande chenye rangi nne na mishono ya kuvutia katika kadi ambayo wenzake wote wana kitambaa cheupe kitupu. Tizama ukingo wa dirisha lake. Uliofunguliwa na kugundishwa tena huwa na gundi au nyuzi za karatasi zilizosimama.

Kasha lenye lebo

Kampuni zinazojulikana kwa kupima kadi ni PSA, Beckett, SGC na CGC. Kila kasha lina namba ya cheti, na namba hiyo huangaliwa bure katika tovuti ya kampuni. Fanya hivi:

1. Andika anwani ya tovuti mwenyewe kwenye simu. Usiiskani msimbo wa kwenye lebo ukaufuata, kwa sababu msimbo bandia hukupeleka kwenye tovuti bandia.
2. Ingiza namba ya cheti. Jina, mwaka, toleo, namba ya kadi na alama vyote viwafikiane na lebo, herufi kwa herufi.
3. Ikiwa kampuni imeweka picha ya kadi hiyo, ifungue kwa ukubwa wote na ulinganishe. Upana wa mipaka, vidoa vya wino, chengachenga kwenye pembe: alama hizi ndizo alama za vidole vya kadi.
4. Tafuta namba hiyo hiyo ya cheti katika mauzo mengine. Ikiuzwa na watu wawili kwa wakati mmoja, usinunue kwa yeyote kati yao.

Wengi huishia hatua ya pili, na hapo ndipo wanapopigwa. Mghushi huchukua namba ya kweli kutoka kwenye tangazo la mtu, akachapa lebo yake, akaweka ndani kadi aliyoichapa. Tovuti itasema "sawa", kwa sababu namba ni sawa. Namba kuwepo inathibitisha kwamba kadi kama hiyo ilipimwa. Haisemi kwamba iliyomo ndani ya kasha hili ndiyo.

Kasha la kweli hufungwa kwa mawimbi ya sauti yanayoyeyusha ukingo, na mshono wake ni safi kuzunguka pande zote. Lililofunguliwa na kufungwa tena huwa na weupe kama ukungu kwenye kingo, mikwaruzo kwenye pembe, au mwanya unaopitisha ukucha. Omba picha ya ubavuni, pande nne.

Mwisho, uliza kama kadi inastahili alama iliyopewa. Pima mipaka kwenye picha: kushoto milimita 3 na kulia milimita 2 maana yake ni 60 kwa 40. Alama ya 10 ya PSA haikubali mipaka ya mbele ipishane zaidi ya hapo, na sasa wanataka karibu na 55 kwa 45. Ukiona "10" yenye 70 kwa 30, ama lebo imeongopa ama kadi imebadilishwa.

Saini

Saini ni uwanja wa hatari kuliko kadi zenyewe. Katika miaka ya 1990 shirika la FBI la Marekani liliendesha uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen na kukamata mtandao wa watu walioghushi saini za wanamichezo kwa wingi, pamoja na vyeti vyake. Cheti cha uhalisi ni karatasi, na anayeweza kughushi saini hashindwi na karatasi. Kinachohesabika ni nani amekitoa: PSA/DNA, JSA na Beckett huweka namba inayoweza kuangaliwa. Cheti cha kampuni isiyo na orodha ya namba hakina uzito.

Iliyo salama zaidi kwa mnunuzi wa mbali ni kadi iliyotoka kiwandani na saini yake, ambayo nyuma yake Topps au Panini wameandika kwamba wanathibitisha saini hiyo. Kama nyuma hapana maneno hayo, saini iliongezwa baadaye. Baadhi ya kadi zina saini iliyochapwa tu kama pambo. Chini ya lenzi utaiona imejaa vitone.

Kwenye saini ya mkono, tizama mwendo wa kalamu. Mtu anayesaini jina lake huenda mbio, kwa hiyo mistari huanza na kuishia kwa ncha nyembamba. Anayeiga huenda polepole: mistari ina unene mmoja, mitetemo midogo, na vidoa pale kalamu iliposimama kufikiri. Linganisha na saini za mwaka ule ule. Wachezaji hufupisha saini zao umaarufu ukiongezeka, na saini ndefu ya ujana kwenye kadi ya juzi ni jambo la kuuliza.

Kulipa

Usitoke nje ya jukwaa. Muuzaji wa eBay anayekuhamishia WhatsApp ili "tusikatwe ada" anakutoa kwenye ulinzi wako. eBay humpa mnunuzi siku 30 baada ya kupokea mzigo kudai kwamba kitu si kile kilichoelezwa. PayPal hutoa siku 180 tangu malipo, lakini kwa malipo ya bidhaa tu. Ukituma kama unampelekea ndugu au rafiki, hapana madai. Kwa huku kwetu, ambako bahasha ya kawaida ya posta huweza kuchukua wiki nyingi, tofauti ya siku 30 na 180 ni kubwa, na eBay huanza kuhesabu kwa kufuata tarehe ya kufika, au ya mwisho waliyokadiria kama mzigo haukufika. Iandike tarehe hiyo ya makadirio siku unapolipa.

Kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu inafaa kwa manunuzi ya nje. Weka humo kiasi cha ununuzi ule tu. Kwa muuzaji wa Bara, kumtumia pesa mtu usiyemjua kwenye namba ya simu ni sawa na kumpa mkononi: akishatoa, basi. Ukiwa na jamaa Dar es Salaam, mtume yeye akutane na muuzaji mchana pahala pa watu, aitizame kadi, akupigie video, ndipo ulipe. Kadi itakuja na boti. Kama hapana jamaa na ni lazima utume, hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala ni jina la muuzaji unayemjua, siyo la "ndugu yake".

Kwa usafirishaji, kampuni kama DHL kwa kawaida hazipeleki kwenye sanduku la posta; wape mtaa, jengo linalojulikana na namba ya simu yenye +255. Mwambie muuzaji aiweke kadi ndani ya kifuko laini, kisha kifuko kigumu, kisha kati ya maboksi mawili yaliyokatwa, na atumie huduma yenye namba ya kufuatilia. Bei ya kweli iandikwe kwenye fomu ya forodha. Muuzaji anayejitolea kuandika "zawadi, dola 5" anakuharibia ushahidi wa bei utakapodai.

Kadi ikifika

Iweke simu irikodi kabla ya kuikata bahasha: lebo ya anwani, kukata, kutoa, kadi mbele na nyuma, bila ya kukatiza. Video hiyo ndiyo shahidi wako.

Vifaa vinapatikana bila ya kuagiza. Lenzi ya mara 10 na mizani inayosoma gramu 0.01 wanazo masonara, na taa ya zambarau ya kukagulia noti wanayo wenye maduka ya kubadilisha fedha. Omba uitumie kwa dakika kumi, ukiwa na kadi yako na ndugu yake.

Lenzi kwanza. Kadi za kiwandani huchapwa kwa ofseti: picha ni vitone vya rangi nne vilivyojipanga kwa mpangilio mmoja, kama maua madogo. Maandishi meusi na mistari ya fremu kwa kawaida huchapwa kwa wino mmoja uliojaa, na ukingo wake ni mkali. Bandia imetokana na picha ya kadi, kwa hiyo mashine haikujua lipi ni herufi na lipi ni picha: imevunja vyote kuwa vitone. Ukiona herufi nyeusi za jina zimeundwa kwa vitone vya rangi rangi, huku za ndugu yake ni nyeusi tupu, kesi imekwisha. Printa ya wino wa kurusha hutoa vitone vilivyotawanyika ovyo na kingo zilizolowa. Zingatia kwamba kadi chache za siku hizi huchapwa kwa oda kwa mashine za kidijitali na vitone vyake ni tofauti. Ndiyo maana kipimo ni ndugu wa toleo lile lile.

Ukubwa. Kadi ya kawaida ni milimita 63.5 kwa 88.9. Stika na kadi nyingi za zamani za Ulaya zina vipimo vyengine, na nyengine, kama ile ya Pelé ya Alifabolaget ya Sweden ya 1958, zilikatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi kubwa. Iweke kadi katikati ya ndugu zake kama rundo, uligonge juu ya meza. Iliyokatwa itazama chini ya wenzake. Kingo zilizokatwa baadaye pia hung'aa kwa upya au zina mawimbi, ilhali kingo nyengine za kadi zimechakaa.

Unene hutajwa kwa pointi, na pointi moja ni milimita 0.0254. Kadi nyembamba ya pointi 20 ni kama nusu milimita. Yenye kipande cha jezi ya pointi 130 hufika milimita 3.3.

Uzito. Ndugu wa toleo moja hutofautiana kidogo sana. Pengo la sehemu ya kumi ya gramu kwenda juu linataka maelezo. Ziache kadi zote mbili usiku mmoja katika chumba kimoja kabla ya kupima, kwa sababu karatasi hunywa unyevu na uzito wake hupanda.

Mwanga. Weka tochi ya simu nyuma ya kadi ndani ya chumba cha giza. Kiasi cha mwanga unaopita na rangi yake vifanane na vya ndugu yake. Chini ya taa ya zambarau, karatasi zenye dawa ya weupe hung'aa buluu. Dawa hizo zilianza kuenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo kadi inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1930 haitakiwi kuwaka. Kwa kadi za karibuni, kuwaka au kutowaka peke yake hakusemi kitu, linganisha.

Kadi kujipinda isikutishe. Kadi za krome zina tabaka la plastiki juu ya karatasi. Karatasi hunywa unyevu, plastiki hainywi, na kadi huinama kama upinde. Katika masika ya Unguja na Pemba hata kadi halisi iliyotoka pakitini itafanya hivyo ikiachwa wazi. Bandia iliyochapwa kwenye karatasi nzito isiyo na tabaka hubaki bapa, na watu huisifu kwa hilo. Zihifadhi kadi zako ndani ya kopo la plastiki linalofunga vizuri, na pakiti mbili tatu za silika, mbali na dirisha la baharini.

Yako majaribio mtaani ambayo usiyafanye: kuikunja kadi, kuilowesha, kuikwaruza kwa sarafu. Yanaiharibu halisi na hayathibitishi kitu.

Pakiti na maboksi yaliyofungwa

Kwa ufupi: usinunue pakiti za zamani zilizofungwa kwa mtu usiyemjua. Hufunguliwa kwa mvuke au kwa wembe, kadi nzuri zikatolewa, zikafungwa tena. Mwanzoni mwa 2022 Logan Paul wa Marekani alifungua mbele ya kamera boksi la kadi za Pokémon alilolinunua kwa dola milioni 3.5, lililokuwa limeshathibitishwa na wataalamu, ndani akakuta kadi za G.I. Joe. Wataalamu walilitizama boksi kwa nje tu.

Ukishapata jibu baya

Fungua madai siku ile ile ndani ya jukwaa, si kwa maneno ya WhatsApp. Andika sababu moja au mbili zenye ushahidi: picha ya lenzi ya kadi yako kando ya ya ndugu yake, na picha ya mizani. Maneno kama "naihisi feki" hayashindi. Usiirudishe kadi mpaka jukwaa likuelekeze, na ukiirudisha, tumia njia yenye namba ya kufuatilia.

Kama muuzaji ni wa hapa nchini na amekimbia na pesa, hifadhi mazungumzo yote, namba ya muamala na tangazo, upeleke polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Namba ya simu iliyotumika kukulaghai iripoti pia kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Kadi bandia ikikubakia mkononi, usiiuze wala usiibadilishe na kijana wa skuli anayeanza kukusanya. Iandike BANDIA nyuma kwa wino usiofutika, kisha iweke katika kopo moja na ndugu yake halisi. Siku mwenzako atakapoletewa ya namna hiyo, atakuwa na mbili za kulinganishia.